Kupimwa Afya Kabla ya Kazi: Haki ya Mwajiri na Haki ya Mfanyakazi



Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo litakalowafaa wale wanaokaribia kumaliza masomo. Nimechagua jambo ambalo vijana wa hapa Gurei huniuliza mara kwa mara tunapokutana njiani au kwenye vibanda vya chai. Swali lao ni hili: "Je, mtu akitaka kuniajiri, ana haki ya kunipima damu kwanza? Na akiona ugonjwa, ana haki ya kuninyima kazi?"

Swali hili si dogo. Kijana wa Juba akimaliza shule hutafuta kazi ya ukarani, ya udereva, ya ulinzi, ya upishi hotelini, au ya kutunza ghala. Wengi wenu mtapewa karatasi na kuambiwa mwende nayo kwa daktari. Ni vema kuijua sheria kabla ya siku hiyo kufika, kwa maana mwenye njaa ya kazi hutia sahihi hata asichokisoma.

Basi nitaligawa somo hili katika sehemu sita, na mwishoni nitatoa mazoezi.

1. Sababu za mwajiri

Kwanza tumsikilize mwajiri, au tajiri kama wazee wetu walivyozoea kumwita. Asiyesikiliza pande mbili hawezi kuamua kwa haki.

Mwajiri ana mzigo wake. Dereva wa lori asiyeona vizuri aweza kuua watu kumi kwa dakika moja. Mpishi mwenye homa ya matumbo aweza kuwaambukiza wote wanaokula chakula chake. Kwa sababu hiyo, huko Kenya watu wanaoshika chakula cha kuuza hutakiwa kupimwa na kupata cheti, na cheti hicho hufanywa upya kila baada ya miezi sita. Tena mtu anayevunja mawe huvuta vumbi kutwa, na ni haki yake apigwe picha ya kifua mara kwa mara, ili ugonjwa wa mapafu uonekane mapema.

Tazameni vizuri mapimo haya, mtaona yana sifa mbili. Sifa ya kwanza ni kwamba kinachopimwa kinahusiana na kazi yenyewe: macho kwa dereva, tumbo kwa mpishi, mapafu kwa mvunja mawe. Sifa ya pili ni kwamba faida yake yaonekana wazi, maana humlinda mfanyakazi mwenyewe au humlinda mtu mwingine. Mapimo yenye sifa hizi mbili hayana ubaya, wala mtu asiyakatae kwa ukaidi.

2. Magonjwa si mamoja

Kosa la watu wengi ni kuyaweka magonjwa yote katika kapu moja. Tuchukue mfano wa nchini mwetu.

Mwezi wa Juni mwaka 1976, katika mji wa Nzara, Equatoria ya Magharibi, mtunza ghala wa kiwanda cha pamba alishikwa na homa kali, naye akafa baada ya siku chache. Wenzake wengine wa kiwandani wakaugua baada yake. Ugonjwa ukafika Maridi, ukaingia hospitalini, na huko ukaenea zaidi. Huo ndio ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ebola. Katika mlipuko huo watu 284 waliugua, na 151 wakafa. Katika hospitali ya Maridi peke yake, wafanyakazi 41 walipoteza maisha yao.

Hapana mtu mwenye akili atakayesema kwamba ugonjwa kama huo ni siri ya mgonjwa peke yake. Ebola huambukiza kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa, nayo huua upesi. Mahali palipo na hatari hiyo, ni lazima wafanyakazi wapimwe joto, na mwenye dalili atengwe na kutibiwa. Lakini Maridi inatufundisha jambo jingine pia. Wauguzi wale walihitaji glavu, vinyago na maji safi ili wasiambukizwe na wagonjwa wao. Mwajiri anayewapima watu wake bila kuwapa kinga ametimiza nusu ndogo tu ya wajibu wake.

Sasa tutazame virusi vya UKIMWI, yaani VVU. Virusi hivi haviambukizi kwa kushikana mikono, wala kwa kunywa katika kikombe kimoja, wala kwa kukohoa, wala kwa kutumia choo kimoja. Karani mwenye VVU akikaa meza moja na mwenzake miaka ishirini, hatamwambukiza kwa kazi yao ya ukarani. Tena siku hizi anayetumia dawa vizuri kila siku huishi miaka mingi na kufanya kazi kama mwingine. Virusi vikipungua mpaka visionekane katika kipimo, hata mwenzi wake wa ndoa hamwambukizi.

Kifua kikuu kiko katikati. Hicho huenda kwa njia ya hewa, kwa hiyo mgonjwa ambaye hajatibiwa aweza kuwaambukiza walio naye chumbani. Lakini kwa kawaida, mgonjwa akianza dawa zinazomfaa, uambukizaji hupungua sana baada ya majuma mawili hivi, ingawa atameza dawa kwa miezi sita. Mtu huyu anahitaji likizo fupi kisha arudi kazini kwake. Akifukuzwa, wenzake wataficha kikohozi chao, na ghala zima litaugua.

Kwa hiyo tunapata kanuni. Tukisikia habari za ugonjwa wa mfanyakazi, tuulize maswali mawili. La kwanza: je, ugonjwa huu waweza kuwafikia wengine kwa njia ya kazi hii? La pili: je, unamzuia mtu huyu kuifanya kazi hii sasa? Majibu yote mawili yakiwa ni "hapana", basi ugonjwa huo haumhusu mwajiri hata kidogo.

3. Shauri la Bwana Hoffmann

Kanuni hiyo sikuitunga mimi. Ilijaribiwa katika mahakama kubwa ya Afrika Kusini, nami nataka mjue jinsi ilivyokuwa.

Mwaka 1996 Bwana Hoffmann aliomba kazi ya kuhudumia abiria katika ndege za shirika la South African Airways. Alishinda majaribio yote, na daktari akaona kwamba mwili wake wafaa kwa kazi. Kisha damu yake ikapimwa, ikaonekana ana VVU, naye akanyimwa kazi.

Shirika lilikuwa na hoja zake. Lilisema kwamba wahudumu wa ndege hupelekwa nchi zenye homa ya manjano, na ni lazima wachanjwe, na chanjo hiyo yaweza kumdhuru mwenye VVU. Likasema pia kwamba mtu huyo aweza kuambukiza abiria magonjwa mengine, na kwamba hataishi miaka ya kutosha kurudisha gharama ya kumfundisha kazi.

Mahakama ya kwanza ilikubaliana na shirika. Bwana Hoffmann hakukata tamaa, akapanda mpaka Mahakama ya Katiba. Huko madaktari walieleza kwamba mwenye VVU ambaye kinga ya mwili wake bado ina nguvu aweza kuchanjwa, na aweza kuifanya kazi ile bila kumdhuru mtu. Ikaonekana pia kwamba shirika halikuwapima wahudumu waliokuwa kazini tangu zamani. Sasa, kama hatari ilikuwa kubwa kama walivyodai, mbona waliwapima wageni tu na kuwaacha wenyeji?

Tarehe 28 Septemba 2000 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba Bwana Hoffmann alibaguliwa, ikaamuru apewe kazi ile aliyonyimwa. Majaji walisema kwamba hofu na chuki za wateja si sababu ya kuvunja haki ya mtu. Hilo ni neno la kukumbuka, kwa maana hata hapa kwetu mwenye hoteli husema, "Mimi mwenyewe sina neno, ila wateja watakimbia." Hofu ya mteja hutibiwa kwa kumfundisha. Kumfukuza mpishi hakumfundishi mteja chochote.

4. Sheria za jirani zetu na sheria yetu

Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na vijana wetu wengi wamesoma au wamefanya kazi Uganda na Kenya. Yafaa basi tuzijue sheria za huko.

Kenya ilipitisha sheria ya kuzuia UKIMWI mwaka 2006. Sheria hiyo yakataza kumlazimisha mtu apimwe VVU ili apate kazi au abaki kazini, na pia ili aoe, aingie shule, au apate matibabu. Tena iliunda baraza maalumu la kusikiliza mashauri ya namna hiyo. Uganda, katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, iliitaja hali ya VVU miongoni mwa sababu zisizoruhusiwa kumbagua mfanyakazi. Tanzania ilifanya hivyo katika sheria ya kazi ya mwaka 2004, kisha ikaongeza sheria ya UKIMWI mwaka 2008.

Na sisi je? Katiba ya Mpito ya mwaka 2011, katika kifungu cha 14, yasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na kifungu cha 22 chalinda faragha ya mtu. Mwaka 2012 nchi yetu iliukubali mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1958 unaokataza ubaguzi katika kazi. Sheria yetu ya Kazi ya mwaka 2017 nayo inakataza ubaguzi kazini, na hali ya VVU imo katika makatazo hayo. Shirika hilo la Kazi Duniani lilitoa pia pendekezo mwaka 2010, likisema wazi kwamba asilazimishwe mtu yeyote kupimwa VVU kwa ajili ya kazi, wala asilazimishwe kuitaja hali yake.

Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba Sudan Kusini haina sheria. Sheria ipo. Shida ni kwamba wengi hawaijui, na wanaoijua huogopa kuitaja mbele ya mtu anayeshika mshahara wao.

5. Siri ya mgonjwa

Hapa nitasimulia habari ninayoijua mwenyewe, bila kutaja majina.

Kijana mmoja aliyesoma shule hii aliitwa kazi ya kutunza ghala katika ofisi moja mjini. Alifaulu hesabu, akafaulu kuandika, akapelekwa kwenye zahanati ya watu binafsi. Akatolewa damu. Hakuambiwa inapimwa nini, wala hakuulizwa kama amekubali. Baada ya juma moja aliitwa akaambiwa, "Afya yako haifai." Alipouliza ana ugonjwa gani, hakujibiwa. Lakini mlinzi wa lango alikwisha kujua, na dereva alikwisha kujua, na jioni ile habari ilifika Gurei kabla yake.

Kijana huyu alijifungia ndani. Kwa miezi mingi alikataa kwenda hospitali, kwa kuwa katika mawazo yake hospitali na ile ofisi vilikuwa kitu kimoja. Alikonda mpaka mama yake akaja kunigongea mlango usiku. Tulikwenda naye pamoja, mama yake na mimi, tukamkuta mganga mwenye subira aliyemweleza kila kitu kwa faragha. Alianza dawa, ambazo hutolewa bila malipo. Leo ana nguvu, na anaweka hesabu za duka la mjomba wake. Lakini ile miezi aliyoipoteza ilikaribia kumwua, na hakuna aliyejibu kwa ajili yake.

Tazameni, ndugu zangu. Pimo lile halikumlinda mtu hata mmoja. Mtunza ghala hahesabu magunia kwa damu yake. Na badala ya kumpeleka mgonjwa kwenye dawa, lilimfukuza mbali nazo.

Huko Kenya mama mmoja alipatwa na jambo linalofanana na hili. Mahakama ilimtaja kwa herufi tu, J.A.O., ili kumhifadhi. Alipimwa bila idhini yake, mwajiri wake akaarifiwa, naye akaachishwa kazi. Mwaka 2003 aliwashtaki wote pamoja: mwajiri, daktari na hospitali. Walipoomba shauri lifutwe, mwaka 2004 jaji alikataa, akasema lisikilizwe. Mwishowe pande zote zilipatana, na mama yule akalipwa fidia.

Tunajifunza kwamba daktari naye ana wajibu. Hata kama mwajiri ndiye anayelipa gharama, mgonjwa wa daktari ni yule aliyetolewa damu. Majibu ni mali ya mwenye damu. Karatasi inayokwenda kwa mwajiri yatosha iseme, "Anafaa kwa kazi hii," au "Hafai kwa kazi hii," au "Anafaa akipewa nafuu ya namna fulani." Jina la ugonjwa lisiandikwe.

6. Mahali ambapo mambo ni magumu

Nisiwafanye mfikiri kwamba kila swali lina jibu rahisi. Mwaka 2020, wakati wa korona, madereva wa malori yanayotuletea unga, mafuta na saruji kutoka Mombasa na Kampala walipimwa mipakani. Korona huenda kwa njia ya hewa, na madereva hawa hupita nchi hata tatu kwa safari moja, kwa hiyo pimo lenyewe lilikuwa na sababu. Lakini walingoja kwa siku nyingi katika misururu mirefu huko Malaba, wakilala chini ya malori, na watu wengi waliwatazama kana kwamba wao ndio ugonjwa. Mji uliokula unga wao uliwaogopa. Hapo twaona kwamba pimo la haki laweza kufanywa kwa njia isiyo ya haki.

Tena kuna vijana wa Afrika Mashariki wanaokwenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba. Hupimwa VVU, homa ya ini na kifua kikuu kabla ya kuondoka, na wanawake hupimwa mimba pia. Wakifika hupimwa tena. Anayeonekana ana VVU hukataliwa, na aliyekwisha kufika hurudishwa kwao. Sheria za Nairobi, Kampala au Juba hazivuki bahari pamoja na abiria. Anayetaka kwenda huko ajue jambo hili kabla hajauza ng'ombe wa baba yake kumlipa wakala.

Maswali ya kuuliza mbele ya sindano

Mkipewa ile karatasi ya daktari, ulizeni kwa adabu maswali haya matano:

(a) Damu yangu itapimwa nini?
(b) Pimo hilo lahusu nini katika kazi ninayoiomba?
(c) Je, wote wanaofanya kazi hii wanapimwa, au ni mimi tu?
(d) Nani atasoma majibu, nayo yatawekwa wapi?
(e) Nikionekana mgonjwa, nitaelekezwa wapi kupata dawa?

Mwajiri mwema hatakasirika kwa maswali haya. Akikasirika, mmekwisha kujua jambo moja juu yake. Mkinyimwa kazi kwa sababu ya afya, ombeni sababu kwa maandishi, wekeni nakala, kisha pelekeni malalamiko kwenye ofisi ya kazi ya serikali. Nendeni wawili au watatu, maana mtu peke yake hutishwa kwa urahisi.

Tena nawasihi mwende kupimwa wenyewe, kwa hiari yenu, mapema. Anayeijua hali yake mwenyewe hawezi kushtushwa na karatasi iliyo mkononi mwa mtu mwingine.

Na ninyi wanafunzi wa zamani, baadhi yenu sasa mna maduka, hoteli na magari, nanyi mmekuwa waajiri. Someni tena sehemu ya pili na ya tano. Kijana atakayekuja kwenu na cheti cha shule hii ameketi kwenye madawati mliyoketi ninyi. Mpimeni hesabu zake na uaminifu wake. Macho yake yapimwe ikiwa ataendesha gari lenu. Mengine mwachieni yeye na daktari wake.

Mazoezi

1. Mwenye hoteli ataka wapishi wake wapimwe homa ya matumbo na VVU. Pimo lipi lahusu kazi yao, na lipi halihusu? Eleza kwa nini.

2. Mlinzi wa usiku ameonekana ana kifua kikuu, naye ameanza dawa jana. Mwajiri afanye nini katika majuma mawili ya kwanza, na afanye nini baadaye?

3. Shirika la ndege katika shauri la Bwana Hoffmann lilikuwa na hoja tatu. Zitaje, kisha ujibu kila moja kwa maneno yako mwenyewe.

4. Andika barua fupi kwa mwajiri, ukiomba kwa heshima akueleze kwa maandishi sababu ya kukunyima kazi baada ya kupimwa.

Majibu ya zoezi la nne mkipenda nileteeni nyumbani hapa Gurei, nitayasahihisha. Barua hiyo huenda mkaihitaji siku moja.